Foleni Tupu Kila Asubuhi

9 Januari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, goti likiwa limepunguza malalamiko, na redio yako bado inakubali kuwaka bila kupigwa kofi. Mimi ni mzima. Dada naye, ambaye ninakaa kwake, ni mzima, na anadai kwamba ninakula kuliko ninavyochangia. Hoja hiyo tumeijadili bila kufikia mwafaka.

Uliniuliza kazi yangu hospitalini ni ipi hasa, ukanionya nisikujibu kwa maneno ya chuo. Nitajitahidi. Hospitali hii ina printa kumi na saba. Daktari, karani au mtu wa maabara anapotuma karatasi ichapwe, karatasi hiyo haiendi moja kwa moja kwenye mashine. Huingia kwanza kwenye foleni, ikangoja zamu yake. Kazi yangu ni kuhakikisha foleni inasogea. Uzuri wake ni kwamba sihitaji hata kuinuka kitini. Ninafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, lisilo na picha wala mapambo, ninaandika neno moja la herufi sita, lpstat, na mashine inanijibu ni kazi zipi zinangoja, ni za nani, na zilitumwa saa ngapi. Isiponijibu chochote, maana yake hakuna kinachongoja. Nimesoma mengi yaliyoandikwa na wanafalsafa kuhusu ukimya, Mama, lakini hakuna aliyewahi kunipa ukimya wenye manufaa kama huu.

Yupo hapa mtumishi mmoja wa siku nyingi ambaye wote wanamwita Mzee Karatasi. Kila asubuhi huzunguka printa zote kumi na saba kwa miguu. Anafungua trei, anaingiza mkono, anapapasa, anafunga, anakwenda kwa inayofuata. Nilimuuliza anatafuta nini.

"Kilichobaki, msomi."

Nikamwambia ningeweza kumjibu kama kuna kilichobaki nikiwa nimekaa hapa hapa.

"Basi kaa," akasema, akaenda zake.

Ninaandaa waraka kwa mkuu wa utawala. Utakuwa na kurasa tatu, na hautamwachia mtu mwenye akili timamu pa kujifichia.

Mwanao mtiifu,
Kitindamimba


23 Januari

Mwanangu Msomi,

Marahaba. Goti limeshika adabu, siku hizi linalalamika asubuhi tu. Redio imekufa kabisa na nimeizika kabatini pamoja na ile simu uliyoninunulia. Usikasirike. Simu yenyewe ikilia nashtuka kama nimeitwa polisi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa miwani. Nimeelewa. Kwa hiyo umesoma miaka yote ile ili uulize foleni ikoje, foleni ikujibu. Si haba. Kuna watu wanapanga foleni na hakuna anayewauliza.

Lakini huyo mzee usimguse.

Unajua mimi nilichambua barua posta miaka ishirini na sita. Tulikuwa na ukuta mzima wa vishubaka, kila mchambuzi na safu zake. Kabla ya kufunga, desturi yetu ilikuwa hivi: kila mmoja anapita ukuta wote, si safu zake tu, anaingiza mkono mpaka nyuma. Kwa sababu ukisimama mbele unaona shubaka tupu, kumbe bahasha nyembamba imelala ubavu imejibana kwenye ubao. Siku moja niliingiza mkono kwenye shubaka la mwenzangu aliyeapa kuwa ni tupu, nikatoa barua ya mtu anaitwa kazini. Mwenzangu hakuwa amesema uongo. Alikuwa ameangalia.

Kula vizuri. Mchangie dada yako, acha ubishi.

Mama yako


6 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu sote tu wazima, ila macho yananiwasha kwa harufu ya rangi: hospitali inapakwa rangi upya, korido zimejaa ngazi, na kila kifaa kimefunikwa nailoni.

Kisa chako cha shubaka kimenigusa, lakini niruhusu nikipinge. Mkono ulihitajika kwa sababu jicho lilisimama mahali pabaya. Kompyuta haisimami mahali. Haina mbele wala nyuma. Hata hivyo, kwa kuwa mimi si mtu wa kudai bila kuthibitisha, nilifanya jaribio. Nilituma kazi yangu ya kurasa mia moja, nikaandika lile neno langu, na kazi ikaonekana: namba yake, jina langu, saa yake. Ilipomaliza kuchapwa, nikaandika tena, na ikawa haipo. Nilirudia mara tano. Mara zote tano jibu lilikuwa kweli. Ni mahakama gani ingedai ushahidi zaidi ya huo?

Waraka wangu, nilioupa kichwa "Ziara za Asubuhi: Desturi Isiyo na Hoja", umekubaliwa. Mzee Karatasi amehamishiwa stoo tangu wiki iliyopita, na ziara zimekoma. Nilikwenda kumpa mkono ili asidhani nina kinyongo. Aliupokea, akaugeuza akautazama kiganja, akaniambia, "Laini."

Sasa kila asubuhi, saa mbili kamili, ninaandika lile neno, kisha ninaandika katika daftari la zamu: Foleni tupu. Ni maneno mawili tu, na yanatosha.

Mwanao,
Kitindamimba


20 Machi

Mwanangu Msomi,

Hamjambo huko? Mimi niko. Nimechelewa kukujibu, kulikuwa na shughuli za hapa na pale.

Nina ombi, na si langu. Yuko jirani yangu, mwanamke wa makamo yangu. Alijikuta na uvimbe kwenye titi, kama kokwa ya tunda. Kliniki ya huku wakamkata kipande wakakipeleka maabara ya hospitali yenu, kwa sababu huku hawana vyombo. Ilikuwa tarehe kumi na mbili Februari. Nesi akamwambia hospitali yenu itamwandikia majibu moja kwa moja kwa posta, asubiri wiki nne. Zimepita tano.

Anakwenda posta kila siku. Nimemwona. Anasimama pale dirishani kama mtu aliyesahau alichofuata.

Sasa kwa kuwa wewe ndiye unayeangalia karatasi zinazotoka, nimesema nikuulize. Je, yaweza kuwa majibu yake yamekwama mahali?

Mama yako


2 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nafarijika kusikia u mzima, na nampa pole jirani yako.

Nimelichunguza suala lake kwa makini, na jibu langu ni hili. Majibu yote ya wagonjwa wa nje ya mji huchapwa na printa iliyomo katika chumba cha barua. Baada ya kupata barua yako niliuliza foleni asubuhi, nikaiuliza mchana, nikaiuliza tena jioni kabla ya kutoka. Tupu, tupu, tupu. Hivyo basi kuna mambo mawili tu yanayowezekana. Ama majibu yake yalichapwa na kutumwa, na posta ndiyo iliyoyapoteza (na usikasirike, lakini si kila posta ilikuwa na mkono wako); ama maabara haikuona jambo la kuandikia. Daktari mmoja niliyekutana naye koridoni alinithibitishia kwamba jambo zito likionekana, mgonjwa huandikiwa upesi na kwa msisitizo.

Kwa mantiki hiyo, ukimya huu ni habari njema. Mwambie jirani yako atulie.

Mwanao,
Kitindamimba


30 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Dada yako aliniandikia kuwa siku hizi unachangia, nikaonyesha barua kwa watu.

Nilimwambia jirani. Ametulia.

Mimi nipo. Mkono wa kulia umechoka kidogo, ndoo naibeba kwa kushoto, sijui nililalia vibaya. Hata mwandiko utaona umelegea.

Nikuulize mara moja tu, sitarudia. Una uhakika?

Mama yako


8 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mkono. Jaribu kuukanda kwa maji ya moto.

Nina uhakika. Nisingeandika neno ambalo siwezi kulitetea. Naomba radhi kwa ufupi, kwani nimeombwa kutoa mada mbele ya wakuu wa idara kuhusu namna nilivyopunguza kazi za mikono.

Mwanao,
Kitindamimba


17 Juni

Mama,

Shikamoo. Leo siwezi kukuuliza hali yako, kwa sababu nimeisoma.

Nimekupigia simu mara kumi na moja, na najua iko kabatini. Dada anapanda basi sasa hivi. Barua hii na karatasi iliyomo atakukabidhi mkononi. Tafadhali keti kwanza.

Leo saa nne asubuhi Mzee Karatasi aliingia ofisini kwangu. Hakuwa ameingia tangu alipohamishwa.

"Msomi, fomu yangu ya likizo iko wapi?"

"Fomu gani, Mzee?"

"Nimeituma tangu jana mchana, kwenye printa ya chumba cha barua. Leo nimekwenda kuichukua nakuta mashine imejifunika nailoni gubigubi kama mgonjwa wa homa. Wapaka rangi walishakwenda lini?"

"Hukuituma," nikamwambia. "Ungekuwa umeituma ningeiona."

"Haya, nionyeshe jinsi usivyoiona."

Nikaandika lile neno. Skrini haikujibu kitu. Nikamwambia, "Unaona? Tupu."

"Naona. Sasa tuma na yako, mashine ile ile."

Nikatuma ukurasa mmoja. Nikaandika tena. Ikatokea kazi moja, yenye jina langu.

"Yako ipo," akasema Mzee. "Yangu haipo. Na sote tumetuma mahali pamoja. Hebu niambie, wewe uliyesoma. Hilo neno lako linauliza foleni ya hospitali, au linauliza foleni yako?"

Mama, nikatafuta mahali amri ile ilipoelezwa.

Maelezo ya amri ile yamo ndani ya kompyuta yenyewe. Si marefu. Mimi niliyemaliza vitabu vya kurasa mia nane kuhusu maarifa na mipaka yake, maelezo yale sikuwahi kuyafungua. Yameandikwa waziwazi: neno hilo likiandikwa peke yake, linamwonyesha anayeuliza kazi zake mwenyewe. Zake tu. Anayetaka kuona za watu wote sharti aongeze kistari na herufi o.

Nikaongeza kistari na herufi moja.

Skrini ilijaa, ikapanda, ikaendelea kupanda. Nilidhani imeharibika. Fomu ya Mzee ilikuwa karibu na mwisho, juu ya ukurasa wangu. Juu yake zilikuwapo kazi mia moja sitini na tatu, zote kutoka maabara, zote za printa ya chumba cha barua, ya kwanza ikiwa ya tarehe mosi Februari. Siku ile wapaka rangi waliichomoa umeme wakaifunika. Kompyuta ilipoikosa iliisimamisha, ikaendelea kupokea majibu ya watu na kuyashikilia, kwa utii, miezi minne na nusu. Karani wa barua alidhani wagonjwa siku hizi wanapewa majibu kwa simu. Maabara walidhani barua zinakwenda. Na mimi nilikuwa nikiandika katika daftari. Nimehesabu: nimeandika "Foleni tupu" mara tisini na nne.

Kila nilipoiuliza mashine ile nani anangoja, ilinijibu kwamba mimi singoji.

Tuliondoa nailoni, tukachomeka umeme, nikairuhusu ianze. Mzee alisimama kwenye trei akipokea. Zilitoka moja moja, bado zina joto. Ya hamsini na nane aliishika, akaisoma, akanitazama, akaisoma tena.

"Mama yako anaitwa nani?"

Nikalitaja jina lako.

Akanipa karatasi kwa mikono miwili, namna mtu anavyompa mwenzake mtoto aliyelala.

Ni jina lako, Mama. Majina yako yote matatu, na umri wako, na kliniki yenu, na tarehe kumi na mbili Februari. Hakuna jirani. Imeandikwa kwamba chembe za saratani zimeonekana. Chini yake, kwa herufi nzito: mgonjwa aonwe na daktari wa upasuaji ndani ya wiki mbili. Karatasi hiyo ilikuwa tayari tarehe tatu Machi. Wewe uliniandikia tarehe ishirini. Nilipokwambia "mwambie atulie", ilikuwa mita arobaini kutoka kwenye kiti changu.

Nimezungumza na daktari wa upasuaji wa huko kwenu; atakuona kesho saa tatu, dada atakupeleka. Nilitaka kuja mwenyewe. Nilikuwa nimeshika mlango. Lakini mezani kwangu kuna karatasi mia moja sitini na mbili, na hakuna mwingine anayejua zilikolala.

Naanza na iliyo juu.

Mwanao


25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Dada yako alinikuta naanika nguo. Kumwona tu anashuka bila mzigo nikajua.

Nilikaa, kama ulivyosema. Nikasoma karatasi, kisha barua, kisha nikamaliza kuanika, kwa sababu nguo zilikuwa zimekwisha kukamuliwa na ningefanya nini. Dada yako alilia kwa niaba ya ukoo mzima.

Daktari amenishika, amenipima, amenipa tarehe nne Julai. Hakunificha. Akasema kokwa imekuwa yai. Akaniuliza, mama, kwa nini umechelewa hivi? Nikamwambia, niliambiwa nitulie. Akauliza na nani. Nikanyamaza, na huo ndio ukimya wenye manufaa, uuweke kwenye falsafa yako.

Unajiuliza kwa nini nilisema jirani. Ningekuambia ni mimi, ungekwenda maabara ukapiga meza, ukapita mbele ya watu wote, ukaniletea majibu yangu peke yake kwenye sahani. Sikutaka. Miaka ishirini na sita sikuwahi kuchomoa barua ya ndugu yangu kutoka chini ya fungu. Hilo ni moja. La pili, nilitaka kujua unawajibuje watu usiowajua.

Nimejua.

Usije kabla hujawafikia wale mia moja sitini na wawili. Mimi ni mama yako. Wao ni mama wa nani?

Mama yako


20 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Tangu niondoke kando ya kitanda chako nimekuwa nikiona lile jaketi lako la kijivu lililoning'inia kwenye kiti cha wodi, mkono mmoja umekunjwa. Dada ananiambia umeanza kuketi, na kwamba umeshagombana na mpishi wa hospitali. Nimefurahi kwa yote mawili.

Uliniagiza. Hii ndiyo taarifa.

Kati ya mia moja sitini na wawili, mia moja thelathini na mmoja hawakuwa na tatizo. Hao tuliwatumia barua, na waliokuwa na simu tuliwapigia. Mmoja alinitukana dakika kumi, kisha akanishukuru, kisha akakumbuka tusi lingine. Waliobaki thelathini na mmoja tuliwafuata kwa miguu na kwa basi, mimi na Mzee Karatasi. Yeye ndiye aliyebisha hodi kila nyumba. Nilipotaka kutangulia kueleza jinsi mfumo unavyofanya kazi, alinikanyaga mguu.

Ishirini na tisa wameshaonana na daktari. Mmoja alihama, tulimpata wa mwisho, siku moja kabla sijaja kwako.

Mmoja ni mwanamume, fundi wa viatu. Alitufungulia mkewe. Alitukaribisha, akatufutia viti, akaipokea karatasi, akaisoma amesimama.

"Hii ni ya lini?"

"Februari, mama," nikasema.

"Alizikwa Mei."

Akaikunja mara mbili, taratibu. Kisha akauliza kama kuna mahali anatakiwa kuweka sahihi. Nikamwambia hapana. Lilikuwapo daftari la kusaini, Mama, kwenye mfuko wangu. Sikuweza kulitoa. Kwenye kizingiti kulikuwa na jozi saba za viatu vya watu, zimepangwa, zimekwisha kushonwa, hazijachukuliwa.

Tulitembea mpaka kituoni. Mzee akanunua maji, akanipa. "Kunywa," akasema. "Kesho kuna trei kumi na saba."

Hospitali imenipa barua ya onyo, ikaniacha kazini. Nilitaka kuipinga, nilikuwa na hoja nne kwamba adhabu ni ndogo mno. Badala yake niliandika waraka mpya, nusu ukurasa, unaosema nilichofanya na siku nilizokifanya. Ziara za asubuhi zimerudi. Mzee anatangulia, mimi nafuata. Naandika amri pia, na kile kistari, na ile herufi. Kisha tunakwenda tukapapase.

Mwanao,
Kitindamimba


6 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi nje, kwenye kivuli cha ukuta, pale unapopapenda.

Kipande walichokutoa katika upasuaji kililetwa kwenye maabara yetu, kama ulivyoambiwa. Nilijua siku kilipoingia. Sikwenda kupiga meza. Majibu yalitumwa kuchapwa leo saa nne na dakika kumi. Niliyaona kwenye foleni: ya sita, nyuma ya watu watano. Nikangoja watano hao watoke, nikawatia kwenye bahasha zao. Kisha yakatoka ya kwako.

Niliyapokea yamegeuzwa chini. Nikayakunja vivyo hivyo, nikayatia kwenye bahasha ninayoiambatisha hapa, nikaifunga kwa gundi mbele ya Mzee. Sikuyasoma. Nilisoma ya kwanza kabla yako, na jambo hilo sikuwa na haki nalo.

Kwa hiyo sijui yanasema nini. Nimerudi nyuma nikapekua nakala za barua zangu zote kwako, kwa kuwa najipenda kiasi cha kuweka nakala, na sentensi hiyo sikuipata mahali popote. Sijui, Mama.

Katika kurasa tatu zinazofuata nimejaribu kueleza namna ninavyofikiri kuhusu yote haya. Usipozisoma nitaelewa.

Mwanao,
Kitindamimba


15 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo herufi zinapepesuka, usicheke.

Bahasha imefika juzi. Posta haikuipoteza. Niliiweka mezani nikanywa chai kwanza, kwa sababu chai ikipoa hairudi. Kisha nikaifungua.

Wamekuta kidogo kwenye tezi za kwapani. Nilikwenda kwa daktari jana, nikamwambia azungumze nami kama mtu mzima. Amesema muda upo. Si wote uliokuwepo, lakini upo. Jumatatu naanza dawa za mshipa, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Nywele zitaondoka. Zilikuwa na mvi, ziende.

Zile kurasa zako tatu nimezitia kwenye droo. Nitazisoma nikipata nguvu za kubishana, kwa hiyo usidhani umepona.

Njoo Ijumaa. Usije na waraka. Ndoo siwezi kuinua, kamba ya nguo siifikii, na kabati lile la redio linataka mtu wa kuingiza mkono mpaka nyuma anitolee simu.

Mwambie Mzee Karatasi, yule jirani anamsalimu.

Mama yako